Upepo, Posho na Migongo ya Watu: Vita Vilivyopitia Mombasa

Tarehe 13 Desemba 1698, baada ya kuzingirwa kwa karibu miaka mitatu, ngome ya Fort Jesus iliangukia mikononi mwa Waarabu wa Oman. Siku chache baadaye merikebu za Wareno zilizotumwa kutoka Goa, koloni lao huko India, kuja kuiokoa zilitokea mbele ya Mombasa, zikaiona bendera nyekundu ya Oman ikipepea juu ya kuta, nazo zikageuza zikaenda zao. Wanaosimulia kisa hicho husifu ushujaa wa walioingia na uvumilivu wa walioshindwa. Mimi, ambaye riziki yangu imetoka katika kazi ya kupokea na kusafirisha shehena hapa Kilindini, huvutwa zaidi na zile siku chache za kuchelewa. Ndani yake naiona sababu ya ngome kuanguka, na naiona pia sababu ya majeshi mengi mengine kushindwa, makubwa kuliko yale yaliyopigana mbele ya mji wetu.

Mzingiro ulianza Machi 1696. Mtu yeyote wa pwani anajua maana ya mwezi huo: kaskazi inakaribia kwisha, na baada yake huja kusi. Chombo kinachotoka Goa au Maskati huja kwetu kwa kaskazi, na hurudi kwa kusi. Kwa hiyo habari za kuzingirwa kwa ngome zingeweza kufika Goa katikati ya mwaka, lakini msaada haungeweza kuondoka huko mpaka upepo ugeuke, na kweli haukufika hadi Desemba 1696. Waomani nao walitegemea upepo huo huo kwa watu na silaha kutoka kwao, ila wao walikuwa wameshika kisiwa na wangeweza kula kutoka mjini na bara, ilhali waliokuwa ndani ya kuta walikula akiba yao na kile tu kilichopenyezwa kwa bahari. Hesabu ya vita ile, kwa hiyo, ilikuwa ya msimu kwa msimu. Kamanda wa ngome hakujiuliza kama angeweza kuurudisha nyuma ushambulizi wa kesho, kwa kuwa kuta zile zilikuwa nene vya kutosha. Alijiuliza kama mchele na watu wake wangedumu mpaka kaskazi ijayo.

Watu hawakudumu. Maradhi yaliingia ndani ya ngome baada ya msaada wa kwanza kufika, na kufikia Julai 1697 Wareno wa ngome walikuwa wamekwisha kufa. Ulinzi ukabaki mikononi mwa Bwana Daud wa Faza, kisiwani Pate, na jamaa zake wachache, pamoja na wanaume wachache wa Kiafrika na wanawake wapatao 50. Nalisema hili kwa uzito, kwa sababu katika picha za vita vile huonekana mabaharia wa Kireno na wapiganaji wa Kiarabu tu, ilhali kulikuwa na kipindi ambacho ngome ya mfalme wa Ureno ilishikiliwa na Waswahili na wanawake waliosimama juu ya kuta wakiwa na njaa.

Septemba ya mwaka huo merikebu ya Santo António de Tanná ilirudi kutoka Msumbiji kwa upepo wa kusi, ikiwa na watu na mahitaji. Ilitia nanga chini ya ngome, na mnamo Oktoba ikapotea papo hapo, ikazama mbele ya macho ya wale iliyokuja kuwasaidia. Mabaki yake yalifanyiwa uchimbuzi wa chini ya maji kati ya 1977 na 1980, na baadhi ya vitu vilivyotolewa vimewekwa katika jumba la makumbusho ndani ya Fort Jesus. Ninapowapeleka wageni pale huwaomba wasipite haraka kwenye sehemu hiyo, kwa maana mizinga iliyo juu ya kuta haieleze vita vile kwa ukamilifu kama zinavyoeleza mbao na mitungi ya chombo kilichokuja na mahitaji.

Shuleni tulifundishwa vita kwa majina ya majemadari na tarehe za mapambano. Sikatai kwamba pambano lina uzito wake, lakini naamini kwamba mara nyingi pambano huja kuthibitisha tu jambo lililokwisha kuamuliwa ghalani na njiani. Napoleon, mtawala wa Ufaransa, alivuka mto Niemen Juni 1812 kuivamia Urusi akiwa na watu zaidi ya 400,000. Alikuwa amejaza maghala mapema, wala hakuwa mtu mzembe katika jambo hilo, lakini mabehewa yake hayakuweza kwenda sambamba na miguu ya askari, farasi wakala nafaka mbichi mashambani wakafa, na sehemu kubwa ya jeshi ilikuwa imekwisha kupukutika kwa njaa, maradhi na utoro kabla hata ya pambano la Borodino mnamo Septemba. Theluji ambayo kila mtu huitaja ilikuta jeshi ambalo tayari lilikuwa limevunjika.

Narudi kwetu, kwa kuwa vita ninavyotaka hasa kuvizungumzia ni Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, vya 1914 hadi 1918, Waingereza wa upande wetu walipopigana na Wajerumani waliotawala Tanganyika, na Mombasa ndiyo iliyokuwa mlango wake.

Waingereza walikuwa na bandari, na walikuwa na reli iliyoanza kujengwa hapa 1896 na kufika Kisumu Desemba 1901. Walidhani hiyo ingetosha. Mwanzoni mwa Novemba 1914 kikosi kilicholetwa kutoka India, baada ya kupitia Mombasa, kilishuka Tanga kwa nia ya kuichukua reli ya Wajerumani ya kwenda Moshi. Kilishindwa vibaya na kurudishwa melini kwa haraka, kikaacha ufukweni mamia ya bunduki, bunduki za rashasha na risasi zipatazo 600,000. Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, ambaye nchi yake isingeweza kumletea mahitaji kwa kuwa manowari za Waingereza zilifunga bahari, alipata katika siku chache silaha za kisasa za kutosha makampuni kadhaa ya askari wake. Watu hukumbuka Tanga kwa nyuki waliowavamia askari. Mimi nadhani jambo lililourefusha mwendo wa vita vile ni shehena ile iliyoachwa mchangani.

Baada ya hapo Waingereza walifanya kazi ambayo haina utukufu wowote wa kusimuliwa: walijenga reli ya tawi kutoka Voi kuelekea Taveta, kupitia nyika isiyo na maji, na maji yenyewe wakayaleta kwa bomba kutoka milima ya Bura. Doria za Wajerumani zilipenya porini kutoka upande wa Taveta kuja kutega baruti kwenye reli kuu, na wengi wa watu wa doria hizo waliteswa na kiu kuliko walivyoteswa na risasi. Kufikia katikati ya 1915 reli ilikuwa imefika Maktau, na mwaka uliofuata, Jan Smuts, jemadari wa majeshi ya Waingereza, alipoanza kusonga mbele kupita Kilimanjaro, ilisogezwa ikaunganishwa na reli ya Wajerumani pale Kahe. Hadi hapo jeshi lililisha watu wake kutoka magati ya Kilindini kwa mabehewa, na kila kitu kilikwenda kwa utaratibu.

Lakini adui aliondoka kwenye reli akaelekea kusini, na Smuts akamfuata. Hapo ndipo nchi yenyewe ilipoingia vitani. Mbung'o waliwaua farasi, nyumbu na ng'ombe maelfu kwa maelfu. Malori yalizama katika udongo mweusi mara mvua zilipoanza. Askari walioingia Morogoro mnamo Agosti 1916 walikuwa wakiishi kwa nusu posho au pungufu ya hapo, na wengi wao hawakuweza tena kusimama kwa malaria na tumbo la kuhara. Kilichobaki kubeba vita ni kichwa na bega la binadamu.

Naomba msomaji avumilie hesabu ndogo, kwa sababu bila hesabu hii hakuna anayeweza kuelewa kilichowapata babu zetu. Mchukue mpagazi mmoja anayebeba kilo 25 za unga na kula kilo 1 kwa siku. Kama kambi ya askari iko mwendo wa siku 5 kutoka ghalani, mpagazi atakula kilo 10 kwenda na kurudi, na atakabidhi kilo 15. Askari 1,000 wanaokula kilo 1 kila mmoja watahitaji wapagazi wapatao 67 wafike kila siku, na kwa kuwa safari nzima ni ya siku 10, lazima wapagazi karibu 670 wawe njiani wakati wote. Sasa isogeze kambi iwe mwendo wa siku 10. Mpagazi atakula kilo 20 na kukabidhi kilo 5 tu, hivyo wanahitajika 200 kila siku, na kwa safari ya siku 20 wanakuwa 4,000 njiani. Umbali umezidi mara mbili, lakini watu wamezidi mara sita. Ukiisogeza kambi hadi siku 12, mpagazi atakabidhi kilo 1, na jeshi litahitaji watu 24,000 ili kulisha 1,000. Siku ya 13 hafikishi chochote. Kugawa njia kwa vituo na kupokezana mizigo hakubadilishi jumla, kwa kuwa anayepokea naye anakula. Na bado hatujahesabu risasi, dawa, mahema, wagonjwa wanaobebwa kwa machela na mizigo ya maofisa. Hatujamhesabu hata mpagazi mmoja aliyeugua.

Hesabu hii haikuwa ya Afrika peke yake. Mwaka 1944, majeshi ya Marekani na Uingereza yalipokimbia mbele kutoka Normandy baada ya kuvunja safu za Wajerumani, mapipa ya petroli yalipelekwa kwa misafara ya malori iliyofanya kazi usiku na mchana kuanzia tarehe 25 Agosti hadi katikati ya Novemba, na madereva wengi wao walikuwa Wamarekani weusi. Kadiri jeshi lilivyosonga, lori lilizidi kunywa petroli ile ile lililokuwa likiipeleka. Wakati huo huo bandari kubwa ya Antwerp ilikuwa imekwisha kutekwa tarehe 4 Septemba, winchi zake zikiwa nzima, lakini majemadari walisahau, au waliahirisha, kuwaondoa Wajerumani kando ya mlango wa mto Scheldt unaoiunganisha bandari hiyo na bahari, na meli za kwanza za shehena hazikufunga gati hadi tarehe 28 Novemba. Yeyote aliyewahi kufanya kazi bandarini ataelewa jinsi kosa hilo lilivyo kubwa. Gati nzuri ambayo meli haiwezi kuifikia haina faida kwa mtu yeyote, na karibu miezi mitatu ilipotea hivyo.

Von Lettow-Vorbeck alikuwa na hesabu ile ile, ila aliijibu kwa njia nyingine. Meli mbili tu zilimfikia kutoka Ujerumani. Ya kwanza, Rubens, ilishambuliwa ghuba ya Manza kaskazini mwa Tanga mnamo Aprili 1915, lakini watu wake waliitoa shehena kutoka katika mabaki yake na kuianika risasi moja moja ikauke. Ya pili, Marie, ilishusha mzigo Sudi karibu na Lindi mnamo Machi 1916. Wataalamu wa kituo cha Amani huko Usambara walimtengenezea dawa ya malaria kutokana na magome ya mkwinini. Mpango wa kumletea mahitaji kwa chombo cha angani kilichoinuliwa kwa gesi, L 59, kilichoondoka Bulgaria mnamo Novemba 1917, uliishia juu ya Sudan ambako kiliamriwa kurudi. Mwezi huo huo yeye mwenyewe alipunguza jeshi lake, akawaacha nyuma wagonjwa na wengine wengi ambao hakuwa na dawa wala chakula cha kuwapa, kisha akavuka mto Ruvuma na waliobaki. Upande wa pili alishambulia boma la Wareno la Ngomano na kujipatia bunduki, risasi na dawa. Kuanzia hapo hadi aliposalimu amri Abercorn (sasa Mbala, Zambia) tarehe 25 Novemba 1918, vita vyake vilikuwa vya kutoka ghala moja la adui kwenda jingine.

Wapo wanaomsifu hadi leo kwa werevu huo. Siwezi kumsifu bila kuwataja wanavijiji ambao ghala zao za mtama na mahindi zilifagiliwa na majeshi ya pande zote mbili, kwa sababu jeshi lisilo na njia ya kuletewa chakula hula cha mkulima. Njaa iliyoikumba Tanganyika ya kati katika miaka ile haiwezi kutenganishwa na jambo hilo.

Upande wa Waingereza, kazi ya kuwapata wapagazi ilianza kwa watu wa hiari na ikageuka kuwa ya kukamatwa. Sheria ya 1915 iliruhusu kuwachukua watu kwa nguvu, na ujira ukashushwa hadi rupia 5 kwa mwezi. Mwaka 1917 John Ainsworth, ofisa wa serikali ya kikoloni, alipewa jukumu la kuwakusanya watu wengi zaidi, na kwa miezi michache zaidi ya watu 100,000 walitolewa katika nchi ambayo sasa ni Kenya, kupitia machifu waliopangiwa idadi ya kutimiza. Katika nchi zote zilizohusika, wapagazi na vibarua walioutumikia upande wa Waingereza wanakadiriwa kufikia milioni moja. Wengi walipitia Mombasa na kushushwa kwa meli Dar es Salaam, Kilwa na Lindi.

Lililowaua zaidi lilikuwa posho. Walipewa unga wa mahindi watu ambao kwao chakula kilikuwa ndizi, wimbi au mtama, na walipewa wakiwa njiani, jioni, bila sufuria za kutosha, bila kuni kavu na bila muda wa kuupika mpaka uive. Unga mbichi ulichubua matumbo, kuhara damu kukafuata, na mtu aliyedhoofika akaendelea kubebeshwa kwa kuwa hesabu niliyoieleza hapo juu haikumruhusu ofisa yeyote kumpumzisha. Oscar Watkins, aliyeongoza kikosi cha wapagazi, alipigania mara kwa mara chakula bora, mablanketi na matibabu kwa watu wake, na palipofanywa mabadiliko vifo vilipungua. Hilo ndilo linaloniumiza katika habari hii yote, kwamba ilijulikana wakati ule ule ni nini kilichokuwa kikiwaua. Kwa takwimu rasmi, wapagazi zaidi ya 90,000 walikufa, huku askari wa upande huo huo waliokufa wakiwa takriban 11,000. Wanahistoria wengi wanaona kwamba idadi ya wapagazi ilikuwa kubwa kuliko hiyo, maana wengi waliofia njiani wakirudi kwao hawakuandikwa na mtu.

Kwenye mnara wa kumbukumbu ulioko Nairobi, kando ya Kenyatta Avenue, mpagazi amesimama pamoja na askari, na maandishi yake yanawataja wapagazi kuwa miguu na mikono ya jeshi. Maneno hayo ni ya kweli kabisa, lakini miguu na mikono ile ilikuwa na wenyewe. Waliokufa walikuwa wanadai mishahara, na malipo kwa jamaa zao yalibishaniwa kwa miaka kati ya watawala wa Nairobi na London, na familia nyingi hazikuona kitu. Makaburi yao hayakuwekewa mawe yenye majina kama yalivyowekewa ya maofisa na askari wa Kizungu, na huo ulikuwa uamuzi uliofanywa makusudi na watu waliokaa mezani wakauandika.

Mnamo Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti iliyokiri jambo hilo na kuomba radhi. Ripoti ilikadiria kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Naliona hilo kuwa jambo la maana, ila ombi la radhi haliwezi kuchukua nafasi ya orodha. Wapagazi walipoandikishwa walipewa namba. Palipobaki daftari lolote la aina hiyo, katika hifadhi ya taifa, katika ofisi ya wilaya au kwenye kasha la familia, linapaswa kusomwa, kunakiliwa na kutangazwa katika vijiji walikotoka watu hao, kuanzia Kwale na Taita hadi Nyanza. Na sisi tulio Mombasa, ambao magati yetu yaliwapakia melini, tunapaswa kudai kwamba majina yatakayopatikana yaandikwe hapa pia, mahali ambapo mtu anayetafuta jina la babu yake anaweza kufika kwa miguu na kulisoma.